Aliyebebwa na Kapteni Kipkoech

Kapteni Kipkoech alikuwa amelala amenyooka ndani ya jeneza, na hilo ndilo lililomtia Dorcus wasiwasi.

Wote waliofanya kazi naye katika kituo cha zimamoto walimjua kwa mgongo wake. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, kichwa kimeinama upande, na mikono yake alipenda kuiweka nyuma, vidole vimeshikana chini ya kiuno. Alitembea hivyo kazini na akastaafu hivyo. Dorcus, aliyekuwa akipokea simu za moto katika ofisi ya mbele, alikuwa akimtambua kutoka mbali hata ukungu ukiwa mzito barabarani. Sasa alipopita kutazama mwili, pale nyumbani kwa marehemu, kijijini Sosiot, aliona mabega mawili yaliyolingana kama ya kijana.

"Mzee Ogola," alinong'ona aliporudi kwenye kiti. "Umeona hiyo bega?"

Ogola, dereva wa gari la zimamoto, hakugeuka. "Watu wa mochari wamemnyoosha."

"Mgongo wa miaka hiyo yote unanyooshwa?"

"Dorcus, nyamaza. Tuko matanga."

Hema lilikuwa limesimamishwa kando ya shamba la chai, karibu na jiko la nje ambalo moshi wake haukukoma tangu asubuhi. Mchungaji alipomaliza, wafanyakazi wenzake marehemu waliitwa mbele waseme machache. Ogola alisema Kapteni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia kwenye moto na wa mwisho kutoka. Dorcus alisema kwamba hata moto uwe mkubwa namna gani, Kapteni hakukosa kumpigia simu baadaye kumuuliza kama amekula. Kisha akasimama Kipruto, mzimamoto kijana wa kituo.

Kipruto alikuwa akilia tangu walipofika. Kapteni ndiye aliyemfundisha kazi, na ndiye aliyemvuta kutoka chini ya paa lililoporomoka kule Kedowa. Alipokea kipaza sauti, akakitazama, akamrudishia MC.

"Mimi sijui kuongea," alisema. "Wacha niwaonyeshe mzee wetu."

Akashusha bega la kushoto. Akainamisha kichwa, akapeleka mikono nyuma, akaanza kutembea mbele ya waombolezaji kwa ule mwendo wa kuburuta ambao watu wote wa kituo waliujua. Watu wakaanza kucheka huku wakifuta machozi. Alipofika mwisho aligeuka, akawatazama wenzake kama Kapteni alivyowatazama king'ora kilipolia, na kwa sauti ile ile nzito ya marehemu akasema, "Panda twende."

Kicheko kikajaa hema. Mtu mmoja tu hakucheka. Chepchirchir, mjane wa Kapteni, aliinuka kwenye kiti chake amenyoosha mkono, akasema neno ambalo hakuna aliyelisikia. Wanawake walidhani amezidiwa na uchungu. Wakamshika, wakamkalisha.

Kipruto akayumba hatua moja mbele, kama mtu aliyerukiwa kwa nyuma. Magoti yakamkunjika. Watu wakazidi kucheka, naye akacheka pia, mpaka alipotaka kusimama wima, akashindwa. Puani mwake ilikuwa imeingia harufu ya nywele zilizoungua, nywele mbichi za mtu, na karibu kabisa na sikio lake la kushoto kuna aliyekuwa akihema.

* * *

Kituoni walidhani Kipruto ameumia kwa kubeba jeneza. Yeye mwenyewe alisema hivyo. Lakini alipopanda gari la zimamoto, gari lililalia upande wake na springi zikalia, nalo lilikuwa halijawahi kulia hivyo tangu Kapteni astaafu. Ogola alikaa ameshika usukani bila kuwasha injini.

"Shuka kidogo," alisema.

Kipruto akashuka. Gari likanyooka.

"Panda."

Gari likalala. Ogola akatazama mbele, kwenye kioo, kisha akawasha injini.

Nyumbani, mkewe Nelvine ndiye aliyeona alama. Alikuwa akifua shati la kazi mchana, akakuta kwenye kola michirizi myeusi ya masizi, mitano upande huu na mitano upande ule, miembamba kama vidole vya mwanamke. Alisugua kwa sabuni na kwa majivu, haikutoka. Alipomtazama mumewe, aliyekuwa ameketi sebuleni ameegemea ukuta, alimwona akifunga macho na kupumua kwa utulivu kama mtu aliyepumzishwa mzigo, na papo hapo rangi ya ukuta nyuma yake ikaanza kututuka malengelenge.

"Inuka hapo," Nelvine alisema kwa sauti ndogo. "Kipruto, inuka pole pole."

Aliinuka. Ukutani palibaki alama nyeusi ya mgongo wa mtu, mdogo kuliko wa Kipruto.

"Ni nani huyo uko naye?"

"Sijui," alisema, na machozi yakamtoka. "Anashika shingo yangu. Nikilala analala juu. Nikiongea na mtoto, anasikiliza. Nasikia vile anasikiliza."

Binti yao, Chepkemboi, aliyekuwa na desturi ya kurukia mgongo wa baba yake akitoka kazini, hakumkaribia tena. Alikuwa akisimama mlangoni akimwangalia baba yake juu ya bega.

Jumapili wakampeleka kanisani. Baada ya ibada mchungaji aliwaita wazee, wakamzunguka Kipruto, wakamwekea mikono. Waliomba kwa nguvu mpaka jasho likawatoka. Na Kipruto, aliyekuwa amelala kifudifudi mbele ya madhabahu, akahisi vidole vikilegea shingoni kimoja kimoja, uzito ukahama kutoka bega hadi kiunoni, kutoka kiunoni hadi miguuni, kisha ukatoka. Akaruka wima akilia kwa furaha. Wazee wakaanza kuimba.

Nelvine ndiye aliyesikia kitu kingine chini ya wimbo ule: nyayo zisizo na viatu zikitembea kwenye saruji, taratibu, zikijibandua kama zimelowa, zikitoka madhabahuni kuelekea madawati ya nyuma ambako watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wameketi wakingoja wazazi wao, na kila zilipokanyaga saruji ilikuwa ikigeuka nyeusi na kutoa moshi mwembamba, na pazia la upande ule likashika moto bila mtu kulikaribia, kisha la pili, na mtoto wa mwisho kwenye dawati la mwisho, aliyekuwa amekaa mikono mapajani akitazama juu kama anayemtazama mtu mzima aliyesimama mbele yake, alikuwa Chepkemboi.

Kipruto alikimbia. Hakukuwa na ndoo wala mchanga karibu. Alijitupa kati ya binti yake na ile harufu, akageuza mgongo, akapeleka mikono nyuma.

"Panda," alisema. "Nakuomba. Panda twende."

Moto wa mapazia ukazima mara moja, kama mshumaa uliopulizwa. Kipruto akaanguka kwa magoti chini ya uzito.

* * *

Dorcus ndiye aliyesema waende kwa mjane. Walienda watatu, yeye, Ogola na Kipruto, mchana mmoja wingu likiwa limekaa juu ya mashamba ya chai. Kipruto alikuwa amekonda. Akikohoa, kitambaa kilibaki na masizi.

Chepchirchir aliwapokea uani, akamtazama Kipruto, akafumba macho.

"Mama," Dorcus alisema, "ni nini hii?"

"Ingieni kwanza mkunywe chai."

"Akiingia nyumba itaungua," Ogola alisema.

Mjane akatikisa kichwa. "Haiungui kama amebebwa. Inaungua akishuka, au mtu akimwegemeza mahali. Huyo haruhusiwi kugusa chini."

Wakaketi barazani, Kipruto kwenye kigoda, mbali na ukuta. Chepchirchir aliongea akitazama mikono yake.

"Kulikuwa na kiwanda cha majani chai huko Bomet, kile kilichoungua kikabomolewa. Mzee aliingia chumba cha kukausha, akatoka amebeba mwanamke mgongoni."

"Mimi nilimwona," Ogola alisema polepole. "Nilikuwa kwa pampu. Nilisema moyoni, Mungu asante, ameokoa mtu."

"Na yeye alifikiri ameokoa mtu. Akamweka chini kwa nyasi. Aligeuka kuita machela. Kuangalia tena, nyasi inawaka na hakuna mwanamke. Na mgongo bado ni mzito. Tulienda kwa wachungaji. Tulienda kwa mganga mmoja, akatuambia ni jini la moto, limepata mgongo na limeupenda. Alilitoa. Siku hiyo tulipoteza zizi na ng'ombe wote, na mvua ilikuwa inanyesha. Mzee alisimama akiangalia, akasema, kumbe mimi ndiye naweza kumzuia. Akamwita mwenyewe. Tangu hiyo siku hakutaka kuombewa tena. Kila asubuhi alikuwa akimwaga maji baridi juu ya bega, anatulia. Alimwongelesha kama mtu wa nyumbani."

"Na mbona hukutuambia?" Dorcus aliuliza.

"Alinikataza. Watu wangemkimbia. Kabla ya kufa alinyooka, akaniambia, 'Ameshuka, ameenda jikoni kukaa kwa moto wa meko. Anangoja mgongo mwingine. Waambie watu wa kituo wasimwite.' Kuni kwa meko hazikuisha mpaka mazishi. Na siku ile niliinuka niseme, lakini mlikuwa mnacheka."

Kipruto akaweka uso kwenye viganja. "Nilikuwa namkumbuka tu," alisema. "Sikuwa nacheza na yeye. Nilikuwa nampenda."

"Najua, kijana yangu."

"Hawezi kurudi kwa meko?"

"Nilimwita juzi. Hakuja. Ameonja mgongo, hawezi kurudi kwa mawe."

Mvua ya mawe ilianza hapo, ghafla kama kawaida ya huko, ikapiga bati kwa kishindo hata wasiweze kuzungumza. Ilipopungua, ua wote ulikuwa mweupe na chai ilikuwa imechanika majani. Ogola alikuwa ameinuka. Alivua koti lake la kazi, akalikunja, akamkabidhi Dorcus.

"Huyu kijana ana mtoto wa kubeba," alisema. "Wangu ni wakubwa. Na kazi ninaacha mwaka huu."

"Mzee, hapana," Kipruto alisema.

"Miaka yote nilimpakia Kapteni kwa gari yangu, na huyu akiwa juu yake. Gari inalala upande, mimi nalaumu springi. Kumbe nilikuwa nambeba pia." Akamgeukia mjane. "Nifanye nini?"

"Umwite ukimaanisha," Chepchirchir alisema. "Ukiogopa, uogope, lakini umaanishe."

Ogola akashuka uani, akasimama katikati ya ule weupe. Kipruto alipiga magoti ukingoni mwa baraza, akaegemeza viganja kwenye barafu, akanong'ona, "Shuka." Hawakuona kitu. Waliona barafu tu. Mbele ya Kipruto unyayo mmoja ulizama katika mawe ya mvua, mdogo, wenye vidole vilivyotawanyika, ukatoa mvuke, kisha mwingine mbele yake, kisha mwingine, na kila mmoja ulipoyeyuka ulionyesha nyasi nyeusi chini yake, na nyayo hazikwenda moja kwa moja kwa Ogola bali zilizunguka, zikamkaribia Dorcus aliyekuwa amekumbatia koti hata akahisi joto likimpanda usoni kama la tanuri lililofunguliwa, zikasimama hapo kwa muda kama zinazopima, na Dorcus, ambaye maisha yake yote alikuwa amezoea kumjibu kila anayeita, akaziba mdomo wake kwa mikono miwili ili asije akasema lolote.

"Si huyo," Ogola alisema. Sauti yake ilikatika, akaianza upya. Aliinama, akapeleka mikono nyuma, akashikanisha vidole. "Niko huku, mama. Umechoka kutembea. Panda twende."

Nyayo zikageuka. Zikaenda haraka.

Ogola aliguna kama mtu aliyetwikwa gunia, akapiga hatua, akasimama. Bega lake la kushoto likashuka. Kule barazani Kipruto alikuwa akijinyoosha polepole, akijipapasa shingo, akilia bila sauti.

Chepchirchir alileta maji katika jagi, akayamwaga juu ya bega la Ogola. Yalichemka kidogo, kisha yakatulia, yakatiririka.

"Usimwambie jina la mtu yeyote," alimwonya. "Anapenda majina."

* * *

Ogola alirudi nyumbani kwa miguu kutoka barabarani, jioni ikiwa bado na mwanga. Jentrix, mkewe, alikuwa mlangoni akichambua mboga. Katika simu alikuwa amemwita kwa jina lake, akamwambia tu kwamba anakuja na kwamba asimwulize maswali.

Jentrix aliinua macho. Alimtazama mumewe akikaribia kwa mwendo aliokuwa ameuona kwa mtu mwingine. Alisogeza sinia ya mboga, akasimama, akajibanza kwenye fremu ya mlango, akaacha nafasi pana kuliko ya mtu mmoja.

"Karibuni," alisema, kisha akashangaa mwenyewe kwa nini amesema hivyo.

"Asante, Jentrix," ilijibu sauti ya mwanamke, na midomo ya Ogola ilikuwa imefungwa.