Chupa Iliyopelekwa Maabara

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku, binti aliyepewa jina hilo kwa kupenda kusema, alimsaidia mama yake mdogo kugandisha maziwa. Mama mdogo aliyachemsha, akayaacha yapoe, kisha akatia mtindi kidogo wa jana ili bakteria wake wayagandishe. Mtindi huo wa kuanzishia ulitoka kwa bibi, wala haukuwahi kupimwa.

Shule ilipotaka kuwanunulia wanafunzi mtindi wa mama mdogo, ilidai upimwe kwanza. Mama mdogo akamkabidhi Chiriku chupa, naye akaipeleka maabara mbio mbio.

"Ni wa kwenu kweli?" mpimaji alimwuliza.

"Wa kwetu kabisa, shangazi! Maziwa nimekoroga mwenyewe."

Majibu yalikuwa mazuri. Chiriku alitamba darasani mpaka wenzake wakamchoka.

Kabla shule haijaanza kununua, mpimaji alifika jikoni kwa mama mdogo kuhakikisha, akachota mtindi ndooni, akaenda kuupima. Aliporudi, alikuwa amekunja uso.

"Binti, umenidanganya. Bakteria wa ndooni si wale wa chupa yako. Hawa wanagandisha vizuri, lakini aina moja haisikii dawa. Inaweza kuvigawia vijidudu vya maradhi usugu huo, na mtoto akiugua, dawa zisimsaidie."

Chiriku akamtazama mama mdogo. Mama mdogo akatazama sufuria.

"Wa chupa niliununua dukani," alikiri. "Niliogopa wetu utashindwa."

"Ukanituma mimi nikaseme uongo?" Machozi yalimtoka Chiriku. "Mimi ninayekuamini kuliko wote! Wenzangu wangekunywa kwa sababu nimewaambia ni salama!"

Mama mdogo alitaka kumshika bega, Chiriku akamkwepa.

Siku hiyo mtindi wote ulimwagwa na vyombo vikachemshwa. Mpimaji aliwaletea mtindi wa kuanzishia uliokwisha kupimwa. Mama mdogo alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, Chiriku akiwa pembeni, akaeleza kosa lake bila kuficha kitu.

Njiani kurudi alisema, "Kipimo kingenionya mapema, nikabadilisha mtindi, yakaisha. Nilikikwepa, nikakuharibia jina. Mwanangu, kinachopimwa kiwe kile kile watu watakachokula, hata kama majibu yatatuaibisha."

"Nimekusikia, mama mdogo," Chiriku alijibu, bado ameumia. "Lakini kuanzia leo, chupa ya kupimwa nitaijaza mimi."