Gitaa la Makwapa Mawili

Makadara adhuhuri hapapitiki, na mtu aliyebeba boksi la friji hapendwi na yeyote. Tsofa alilibana kwapani, akajipenyeza kando ya meza ya viazi karai, boksi likamvua mwanamke mmoja mtandio.

"Kakangu, wahama nyumba?"

Alivaa dera la zambarau, na futi ya fundi nguo ilimning'inia shingoni.

"Niwie radhi, dadangu. Ni kigezo. Natengeneza gitaa la umeme, la kwanza, na sijui nilikate umbo gani."

Mwanamke, Mejumaa kwa jina, aliligeuza boksi. Upande mmoja palichorwa gitaa lililokatwa pengo moja kama kwapa chini ya shingo, upande wa pili lenye makwapa mawili yaliyolingana.

"Hili mbona lina kwapa moja?"

"Hapo ndipo hupita mkono wa kushoto kubonyeza nyuzi. Wa kulia hupiga."

"Wewe wataka lipi?"

"La kwapa moja," akasema Tsofa. "Ndilo la watu wote."

Alidanganya. Tsofa alizaliwa mashoto. Alichapwa sana utotoni kwa kula kwa mkono wa kushoto, hata akajifunza kuuficha mbele za watu. Chumbani kwake Bondeni alipiga gitaa la kuazima akiwa amelipindua, na katika mikono yake kwapa hilo moja lingekaa juu, lisimfae kitu.

Mejumaa alimkatia kigezo kwa mkasi wake, na mapenzi yakaingia hapo hapo. Jioni simu haikulala.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula vumbi la mbao."

"Basi Ijumaa uje kwetu, Mama akuone kabla hujageuka kabati."

Ijumaa hiyo, nyumbani kwao Mji wa Kale, sinia la pilau liliwekwa katikati ya mkeka. Tsofa alikula vizuri kwa mkono wa kulia, mpaka mama mtu alipomchekesha. Akajisahau. Mkono wa kushoto ukazama kwenye pilau.

Mama aliacha kutafuna. Kisha, kwa upole mtupu, akalisukuma sinia lote mbele yake. "Maliza, mwanangu. Sisi tushashiba."

Tsofa alimtazama Mejumaa. Mejumaa aliinamisha macho.

Upole ule ulimuumiza kuliko tusi. Alitoka uso ukimwaka, na tangu siku hiyo simu za Mejumaa zililia bila kushikwa. Tsofa aliona haya hata kuliona jina la Mejumaa kwenye kioo cha simu. Kwa hasira, uani kwake, alichora gitaa la kwapa moja juu ya ubao wa mkangazi, la mkono wa kulia, akashika msumeno kwa mkono huo huo. Msumeno ulikwenda kombo. Alijua anatengeneza gitaa asiloweza kulipiga.

"Wakata ubao au wauchinja?"

Mejumaa alikuwa mlangoni mwa ua, kajifunga buibui.

"Umefuata nini?" Tsofa hakuinua uso. "Uliona mwenyewe."

"Nliona. Na niliinamisha macho, Tsofa. Nlikuonea haya mbele ya Mama, wewe nikupendaye. Hilo limeninyima usingizi. Nlikupigia nikwambie, hukushika."

"Nlidhani wataka kuniacha."

"Ningekuacha kwa simu, nisichafue viatu."

Tsofa alitaka kucheka, akashindwa. Mejumaa alitoa chaki mfukoni, akainama, akachora kwapa la pili, sawasawa na la kwanza.

"Kitambaa kipo cha kutosha," akasema akiugonga ubao. " Hili ukilipindua halikutukani."

"Na mamako?"

"Mama yuwauliza utarudi lini. Kwake utakula kwa kulia, hapo hatobadilika, nami nitakukanyaga mguu ukisahau. Lakini gitaa, msumeno, na mimi, utushike kwa mkono wako."

Tsofa alipitisha kidole juu ya mstari wa chaki. Kisha, mbele ya mtu, akauhamisha msumeno hadi mkono wa kushoto. Mejumaa akamshikia ubao.