Damu Iliyoganda Mshazari

Jumatatu asubuhi, mtafiti Modesta alipofungua friza kubwa ya taasisi ya utafiti, uvundo ulimpiga kabla ya baridi. Friza ilikuwa inanguruma vizuri tu. Vichupa vya damu ya watoto wa Nansio, ng'ambo ya ziwa, vilisimama kwenye vishikio vyake, vimeganda, lakini vinanuka.

Damu hiyo ilitolewa kabla watoto hawajapewa dawa mpya ya kichocho. Sasa dawa walishaimeza. Hata wangetolewa damu nyingine, isingeweza kuonyesha hali yao ya mwanzo.

Kabla ya saa sita Inspekta Malimi alikuwa amekwishampata mtu wake.

"Umeme ulikatika Jumamosi, ukarudi jana jioni," alisema. "Jenereta haina dizeli hata tone, na mwendeshaji wake alikuwa Nansio. Wewe Masalu, dizeli umemuuzia nani?"

"Sijauza, afande. Dakta mwenyewe aliniruhusu. Alisema nenda kawaone wanao, mashine nitaiangalia mimi."

"Dakta Kashindye akuangalizie jenereta? Na suruali akufulie?"

Askari mlangoni wakacheka. Dakta Kashindye, mkuu wa taasisi, akatikisa kichwa taratibu. "Sikumruhusu."

Modesta alimwamini. Nani asingemwamini? Mzee yule alianza na darubini moja katika chumba cha kupanga pale Mirongo, chumba kilichoingia maji kila masika. Baadaye Chuo Kikuu kikakitambua, wafadhili wakajenga jengo hili la kilimani. Modesta alipohitimu aliacha kazi ya mshahara mnono Dar ili afanye kazi chini yake. Kwa hiyo Masalu alipotiwa pingu, Modesta alitazama pembeni.

Mchana akaanza kuvitoa vichupa ili vikateketezwe. Alipokiinua kimoja kwenye mwanga, akakikazia macho. Damu ilikuwa imeganda mshazari, ubavuni mwa chupa, kama maji ndani ya chupa iliyolazwa. Akachukua kingine. Vivyo hivyo. Vyote vilikuwa hivyo.

Akaenda kwa mama Odeta, mtunza stoo. Ufunguo mmoja wa chumba cha friza ulikuwa kwake, na mwingine kwa Dakta.

"Shikamoo mama. Ufunguo wako ulikuwa wapi Jumamosi na Jumapili?"

"Marahaba. Shingoni mwangu, Butimba, na kwaya. Waulize wenzangu, walinisikia nikiharibu wimbo mzima."

Modesta hakucheka. Alimpigia simu Inspekta, wakaingia pamoja ofisini kwa Dakta. Akakiweka kichupa mezani.

"Dakta, nilikikuta kimesimama, lakini kiliganda kikiwa kimelala. Kukatika kwa umeme hakulazi vichupa. Mtu alivitoa, akavilaza, labda kwenye boksi, vikayeyuka. Baadaye akavirudisha vikiwa bado vimelala, na vilipoganda akavisimamisha tusijue. Mama Odeta alikuwa Butimba. Umebaki ufunguo wako."

"Friza aliitakia nini?" Malimi aliuliza.

"Hilo sijui, afande. Naomba aseme mwenyewe."

Dakta alivua miwani. "Minofu ya sangara," alisema. "Chumba cha baridi cha kiwanda cha samaki kiliharibika, na ndege ya Ulaya ilikuwa jana. Jenereta iliwaka muda wote. Dizeli haikuibwa. Iligandisha samaki."

"Samaki, Dakta?"

"Samaki, ndiyo! Unadhani taasisi hii inakula nini? Serikali ilipoacha kuleta fedha, Chuo kiliniambia nijitegemee. Wafadhili walinipa friza, hawakunipa dizeli. Kiwanda ndicho kilichonipa. Wao waliazima nusu ya friza wakikwama, mimi wakanijazia tangi. Safari hii mzigo ulikuwa mkubwa. Nilidhani boksi lenye barafu lingetosha kwa damu." Akamtazama. "Damu yako, Modesta, miezi yote hii ilitunzwa na samaki."

"Na Masalu?"

"Masalu angepata kazi kwingine. Mimi nikiondoka, taasisi inakufa."

"Angeipata akiwa gerezani?"

Malimi alisimama, akavaa kofia yake.

"Kumsingizia mtu mbele ya polisi, kifungu cha sheria ninacho," alisema. "Cha damu ya watoto sina. Twende, mzee wangu."

Jioni Modesta alimkuta Masalu nje ya kituo cha polisi, akijisugua vifundo vya mikono.

"Kaka Masalu, nisamehe. Nilimwamini yeye."

"Hata mimi nilimwamini."

"Kesho ninakwenda Nansio kuwaambia akina mama. Twende wote. Wewe wanakujua."

Masalu alicheka kicheko kikavu. "Wanijue vipi? Mlipokuja na sindano zenu, mtaa mzima ulisema mumiani wamefika. Mke wangu aliwaficha watoto chini ya kitanda. Mimi ndiye niliyewatoa, wanangu wawili, wa kwanza kabisa kwenye foleni, ili wengine waone. Nikaapa kwamba damu ile itatunzwa." Akaanza kushuka ngazi. "Nenda peke yako, dada. Mumiani angalau asingeiacha ioze."