Mama Makochi Auliza Hatari

Mama Makochi alikuwa fundi wa kuvalisha makochi. Kitambaa alichokivuta yeye kilikaza kama ngozi ya ngoma. Lakini siku hizo akipiga misumari kidogo tu, pumzi ilimkatika. Miguu ilivimba. Usingizi wake ukawa wa kuegemea mito.

Daktari wa moyo alimpima. Valvu, yaani mlango wa ndani ya moyo, ilikuwa haifungi vizuri. Damu ilirudi nyuma. Dawa pekee hazikutosha tena, na moyo ulikuwa umechoka mno, usingehimili upasuaji wa kifua.

"Tunaweza kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni," alisema. "Huko tutaweka kibanio kidogo kishike valvu."

"Sawa, daktari," mwanawe mkubwa akadakia. "Aweke sahihi wapi?"

"Ngoja kwanza," mama akasema. "Hatari zake?"

"Mama, usijitie hofu bure. Tumeshayazungumza na daktari kule nje."

"Mlizungumzia moyo wa nani?"

Mama akamgeukia daktari.

"Mimi sichani kochi la mtu kabla ya kumwambia kinachoweza kuharibika. Tena hilo ni kochi. Daktari, nieleze. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Daktari akavuta kiti, akakaa.

"Damu inaweza kuvuja pale pajani. Kibanio kinaweza kuchomoka, au kikabana valvu kupita kiasi. Unaweza kupata kiharusi. Figo zinaweza kuumia. Wapo wanaokufa, ingawa si wengi. Na kwa moyo uliochoka hivi, kazi inaweza kwenda vizuri na bado usipate nafuu."

"Nikikataa?"

"Tutaendelea na dawa za kukupunguzia maji mwilini. Hatutakutupa. Lakini valvu itazidi kuvuja."

Mama Makochi aliogopa, tena sana. Akaenda nyumbani kuwaza. Aliporudi alisema, "Nakubali. Ila andika kwamba nimekubali mimi."

Kazi ikafanyika. Baadaye, akiwa kitandani, alihisi unyevu wa joto pajani.

"Ni jasho tu, mama," mwanawe alisema.

"Si jasho. Niliambiwa. Mwite muuguzi."

Ilikuwa damu. Muuguzi akakandamiza pale kwa nguvu mpaka ikakatika.

Hakupona kabisa. Dawa anameza bado. Lakini miguu imenywea, analala chali, na nyundo ameishika tena, polepole.

Walipokwenda kliniki, daktari alimgeukia mwanawe. "Mama anaendeleaje?"

Kijana akarudisha kiti chake nyuma.

"Muulize mwenyewe," akasema.