Pumzi Kabla ya Tarumbeta

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mikono miwili ilishika santuri moja. Duka la santuri lilikuwa limejaa. Mkono mmoja ulikuwa wa fundi anayekata santuri, yaani kuchonga sauti kwenye sahani zake, shati lake limepigwa pasi hadi kola. Mwingine ulikuwa wa mshonaji aliyevaa gauni la kijani, pini tatu zimesahaulika begani.

"Achia, kaka. Anayepiga tarumbeta humo ni baba yangu."

"Na ukiachia wewe?"

"Baba yangu ni marehemu. Wako?"

Fundi akaachia.

Miezi saba baadaye walikuwa wapenzi, na fundi alikuwa ametoa toleo jipya la santuri ile, zito, lililokatwa kutoka kwenye utepe wa awali wa kurekodia. Mshonaji alilisikiliza nyumbani na mama yake, kisha wakaweka ya zamani. Katika ya zamani, kabla ya tarumbeta kulia, baba alisikika akivuta pumzi. Katika mpya hawakuisikia. Mama alizima mashine akasema kwamba mwanamume aliyemnyang'anya mumewe pumzi asithubutu kuleta posa kwake.

Mshonaji akapiga simu. "Umemfuta baba."

"Sijafuta kitu, mpenzi. Masikio yenu hayajazoea."

Mshonaji akamkatia simu. Siku tisa zikapita bila simu kulia upande wowote.

Siku ya kumi mshonaji alifika karakanani kwa fundi, santuri ya zamani kwapani. Hakuketi. Fundi akamwuliza jambo ambalo angeuliza mapema: walipobadilisha santuri, walizungusha kitufe cha sauti? Hawakukizungusha. Mama alikipaka alama ya rangi ya kucha pale mumewe alipokiacha siku ya mwisho, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Fundi akaleta kipimo. Ya zamani ilikatwa kwa nguvu. Mpya ilikatwa kwa upole, ili sauti ndogo zisimezwe na kubwa. Tofauti ilikuwa desibeli nne za sauti: kitufe kikiwa palepale, mpya ilisikika chini zaidi, na pumzi ikapotea.

"Geukia ukuta," alisema.

"Mimi si mteja wa kuzungushwa."

"Basi nizungushe kitufe tu."

Hakucheka, lakini aligeuka. Fundi alisawazisha sauti, akazipiga zote mbili mara tano bila kutaja ipi ni ipi. Mara zote tano mshonaji alichagua toleo jipya. Pumzi ilikuwamo. Kabla yake kulikuwa na kitu kingine, chuma kikigongwa taratibu mara mbili.

"Hiyo ni pete ya baba ikigonga tarumbeta," akasema, bado akitazama ukuta. "Anaivaa mama sasa."

"Nilikosea kuhusu masikio yenu. Nisamehe."

"Kwangu umesamehewa. Kwa mama utajieleza mwenyewe."

Jumapili, saa tisa alasiri, fundi alipokwisha kujieleza nyumbani kwao, mama alizungusha kitufe kwa mkono wake mpaka kikapita alama. Alisikiliza upande mzima wa santuri mpya, akiwa amefunika pete kwa kiganja. Akarudisha sindano mwanzo, kisha akamwuliza fundi wazee wake wanaweza kuja siku gani.