Taa Nyekundu ya Pikapu

Kila asubuhi kule Buzebazeba, mjini Kigoma, Nyabenda akiwasha pikapu yake, mkewe Mélanie huacha kazi anayoifanya. Kama anafagia, ufagio husimama. Kama anapika uji, uji na uungue. Husikiliza mpaka gari lifike barabarani, ndipo moyo wake hutulia.

Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka wa sabini na mbili, Mélanie akiwa msichana, yeye na wazazi wake waliyakimbia mauaji ya Burundi kwa lori. Njiani injini ikaanza kugonga, ka-ka-ka, kisha lori likazimika kabla ya mpaka. Wenye nguvu walikimbilia porini. Baba yake alikuwa na mguu mbovu. Alibaki ndani ya lori, na hakuonekana tena. Tangu siku ile Mélanie alikuwa hajawahi kusinzia ndani ya gari, hata safari iwe ndefu vipi.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na sita, mwezi wa Septemba, na jua la kiangazi halikuwa na huruma. Wakimbizi wapya walikuwa wakishuka kutoka ziwani kila siku. Magari yote mazima mjini yalikuwa yamekodiwa kuwapeleka kambini. Gari la Nyabenda hakulitaka mtu. Lilikuwa limezeeka, linavuja na kutoa moshi. Kazi yake ilikuwa kubeba dagaa kutoka ufukwe wa Kibirizi.

Mchana mmoja mke na mume walikuwa wakipanda mlima kutoka Kibirizi, magunia ya dagaa nyuma. Mara taa ndogo nyekundu ikawaka mbele ya usukani. Kisha Mélanie akausikia ule mlio. Ka-ka-ka.

"Mana yanje! Mungu wangu! Baba Christina, taa hiyo!"

"Ni ya oili. Ina kichaa. Jana nimeongeza oili, sasa inataka nini tena?"

"Na huo mlio?"

Nyabenda akacheka. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mke wangu, gari hili litatuzika wote."

Mélanie hakuupenda utani huo hata kidogo.

Nyumbani walimkuta mkwe wao Leonardi, mume wa binti yao Christina. Alikuwa ametoka Ilagala kwa boti, nguo zimelowa.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Baba," alisema. "Nesi amempima Christina. Mtoto amelala kikingamo tumboni. Anasema asijifungulie kijijini. Aletwe hospitali Kigoma, haraka."

"Kwa nini hukumleta na boti?" Mélanie aliuliza.

"Ziwa limechafuka, Mama. Mimi mwenyewe nimefika kwa sala."

"Kesho alfajiri tutakwenda kumchukua na gari," Nyabenda alisema.

Mélanie alimwona akilini mwanawe njiani, na gari limenyamaza. Alivuka ua akaenda kwa jirani yake Elinipa, mama wa Kipare, fundi wa magari ya serikali aliyehamishiwa Kigoma.

Elinipa alikuja na kitambaa mkononi.

"Shikamoo Mzee. Gari linalalamika?"

"Marahaba. Linalalamika kama mwenye nyumba wangu," Nyabenda alijibu.

Elinipa hakucheka. Alingoja injini ipoe kidogo. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichomeka, akakichomoa tena. Oili ilichuruzika kama maji. Akainusa.

"Mzee, umetia oili gani humu?"

"Ya boti. Rafiki yangu Pastory wa Kibirizi hunipa. Oili ni oili, dada fundi. Ikisukuma boti mpaka Kongo, itashindwa kusukuma dagaa?"

"Oili ya zile injini za boti huchanganywa na petroli, ikaungua pamoja nayo," Elinipa alieleza. "Kazi yake inaishia hapo. Oili ya gari haitakiwi kuungua. Inakaa ndani, inazunguka, inazuia chuma kisisage chuma. Mama Christina, mawese yako alfajiri yakoje?"

"Yameganda."

"Na saa sita juani?"

"Yanatiririka."

"Basi oili nayo hulainika kwa joto. Injini hii imezeeka, vyuma vimelika na nafasi zimepanuka. Oili nyepesi, tena kiangazi, inapita tu. Chuma kinagonga chuma. Taa haina kichaa, Mzee. Inakuomba usimame. Ungeendelea, injini ingekufa."

Nyabenda aliacha utani. "Basi nitie ile nzito kabisa, ya gia."

"Hapana! Hiyo ni ya gia. Kwenye injini haitapanda juu kwa wakati. Nenda dukani, mtaa wa Mwanga. Uliza oili ya injini ya gari ya petroli, kopo limeandikwa 20W-50. Namba ya kwanza ni ya injini ikiwa baridi. Ya pili ni ya injini ikiwa na moto. Hamsini inabaki nzito hata kwenye joto hili, na gari la zamani linaihitaji. Ukiikosa, chukua SAE 40. Nunua na chujio jipya."

Jioni hiyo Elinipa alimwaga oili yote mbovu kwenye ndoo, akabadilisha chujio, akatia oili mpya. Injini ikawaka. Taa ikazimika. Mlio ukapungua, lakini hofu ya Mélanie haikupungua.

Kesho yake walimchukua Christina kule Ilagala. Alikaa mbele, katikati yao, Leonardi nyuma. Mélanie hakutazama njia. Alitazama taa tu. Karibu na mto Luiche, Christina akataka kushuka atapike. Nyabenda akazima injini.

"Usizime!" Mélanie alipiga kelele.

"Lazima nipime. Fundi amesema oili haipimwi injini ikiunguruma."

Kimya kikatanda, kimya kile kile cha lori. Gari lilikuwa mahali tambarare. Nyabenda akangoja, akapima. Oili ilikuwa kati ya alama mbili. Christina akashika tumbo akaguna. Uchungu ulikuwa umeanza.

Nyabenda alizungusha ufunguo. Injini ikakohoa. Mélanie akafumba macho. Ikakohoa tena, ikawaka.

Walipanda kupitia Ujiji mpaka Kigoma saa ya jua kali, gari limebeba watu wanne, na taa haikuwaka. Hospitali walimpasua Christina mara moja. Akapata mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuuza dagaa.

Jioni mke na mume walikuwa njiani kurudi Buzebazeba.

"Tumwite nani mjukuu wetu?" Nyabenda aliuliza. Hakujibiwa. "Mama Christina?"

Akageuka. Mélanie alikuwa amelala, kichwa dirishani, anakoroma kuishinda injini. Nyabenda akapitiliza nyumbani, akaendelea kuendesha polepole, asije akamwamsha.