Utepe wa Rangi ya Chungwa

Ndugu zangu wa mtaa huu na wa mitaa mingine, sogeeni niwasimulie nyumba moja iliyokuwa na raha zake. Kila Jumamosi asubuhi mwenye nyumba, mpiga picha wa harusi tuliyemwita Kamera, alitoa jipu lake uani na kulivua milango. Ndiyo, kulivua milango! Lilikuwa jipu la aina ile ambayo milango yake yote hutoka, na yeye alipenda kuwapiga maharusi picha akiwa ameketi pembeni, mguu mmoja nje, kama mfalme. Mkewe alikuwa akimimina chai. Mama mzazi wa Kamera aliota jua barazani. Mdogo wa mkewe aliyeishi nao, fundi wa kupaka nyumba rangi aliyejulikana kwa jina la Rangi, alipokea milango na kuiegemeza ukutani juu ya magunia. Vicheko tupu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kila mlango wa gari lile una nyaya zinazopeleka umeme kwenye kioo. Nyaya hizo huungana na gari kwa plagi ndogo ya plastiki, na plagi hiyo hushikwa na kiulimi chembamba kama ukucha. Ukitaka kuichomoa, unakibonyeza kiulimi taratibu, kisha unavuta plagi yenyewe, si nyaya. Plastiki iliyopigwa na jua miaka mingi haitaki hasira.

"Taratibu hapo, shemeji," Rangi alizoea kusema.

"Nilianza kuvua milango hii wewe hujui hata kushika brashi," Kamera humjibu, na wote hucheka.

Jumamosi moja Kamera alikuwa amechelewa, na Rangi alikuwa bado anaoga. Kamera akafungua bawaba za mlango wa nyuma, akaubeba bila kuchomoa plagi. Alipohisi mlango unamvuta, naye akauvuta. Kiulimi kikakatika na waya mmoja ukachomoka nusu. Alitazama huku na huku. Hakuna aliyemwona.

Jioni milango iliporudishwa, mkewe alibonyeza swichi na kioo hakikushuka.

"Baba, hiki kimekuwaje?"

"Muulize mdogo wako," Kamera akasema, macho makavu. "Si yeye ndiye mbeba milango?"

Rangi alitoka ndani akiwa bado na sahani mkononi. "Dada, ule wa nyuma leo sikuuvua mimi. Niliukuta chini."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo ndani ya nyumba yangu?"

Mama mzazi akaguna, akasema, "Mwanangu, ungekiri tu yangekwisha." Alikuwa anamwambia Rangi, jamani, si Kamera, mwanawe wa kumzaa! Dada mtu akainamisha kichwa. Kesho yake Rangi aliondoka na begi lake na ndoo ya brashi, na mtaa mzima tukamsindikiza kwa minong'ono.

Mnadhani Kamera alilipeleka gari kwa fundi wa umeme? Thubutu! Fundi yule angetazama mara moja tu na kujua kwamba plagi ilivutwa kwa uzito wa mlango mzima, na mdomo wake hauna kufuli. Kwa hiyo Kamera aliisukuma plagi mwenyewe, akaizungushia utepe wa rangi ya chungwa, ule anaofungia nyaya za taa zake za harusini. Akajaribu kioo, kikashuka na kupanda. "Fundi amemaliza," akamwambia mkewe.

Siku moja ya jua kali mkewe alimchukua mama mkwe kumpeleka kliniki ya presha. Kiti cha mbele na nusu ya kile cha nyuma vilijaa masanduku ya taa, kwa hiyo mama aliketi nyuma, kwenye mlango ule ule. Milango ya nyuma ilikuwa na loki ya watoto, haifunguki kwa ndani, kwa sababu ya wajukuu. Kiyoyozi kilikufa zamani. Vioo vyote vilifungwa kwa sababu ya vumbi la njiani.

Wakirudi, mke alisimama kwenye duka la dawa. Akaacha ufunguo umewashwa. "Mama, ukisikia joto bonyeza hapa, kioo kitashuka."

Foleni ilikuwa ndefu. Mama alibonyeza. Kioo kimya. Akabonyeza tena, akagonga kwa kiganja, akaita. Waliopita walidhani anawapungia. Mwishowe muuza vocha aliona kichwa cha bibi kimelala kwenye kioo, akaufungua mlango kwa nje, na bibi akamwangukia mikononi.

Alipona, tumshukuru Mungu. Lakini Kamera alipofika zahanati anahema, alimkuta mkewe amesimama kando ya kitanda, kiganja wazi. Juu yake palikuwa na kipande cha utepe wa rangi ya chungwa.

"Nimeukuta unaning'inia mlangoni," mke akasema taratibu. "Ndiye fundi wako huyu?"

Kamera alitafuta pa kuuficha uso, hakupaona. Manesi walikuwa wanatazama. Mama yake alikuwa anatazama, midomo imekauka.

"Ni mimi," akasema. "Niliuvunja mimi."

Mama akageuzia uso ukutani. "Na mimi nikamwambia mtoto wa watu akiri," akasema, akaanza kulia.

Jioni hiyo Kamera alimfuata Rangi alikokuwa akipaka ukuta wa duka. Alisema yote, mbele ya wafanyakazi wenzake Rangi, machozi yanamtoka. Rangi alimsikiliza huku brashi inadondosha rangi chini.

"Mama anaendeleaje?" ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.

"Anaendelea vizuri. Twende nyumbani, shemeji."

"Nimekusamehe. Kumwona mama nitakuja." Akachovya brashi. "Lakini kulala kwako, hapana. Kila kitakachovunjika nitakuwa nakuangalia usoni."

Siku hizi Kamera huvua milango peke yake, na kila anapofika kwenye plagi hutulia kidogo, kana kwamba anangoja mtu amwambie taratibu.

Funzo

Jamani, kitu kikikuvunjikia mkononi, sema, "Ni mimi." Aibu yake ni ya dakika chache. Ukiificha, wanaoishi nawe watakitegemea kitu kibovu wakidhani ni kizima, na siku kitakapowaangusha, ukweli wako utakuwa umechelewa. Na ukimsingizia mwenzako, hata akikusamehe, usidhani atakuamini tena kama zamani. Plagi mpya Kamera ameshanunua. Shemeji hakumpata.